Ukungu

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili:
ule unaopanda kutoka mto Tay alfajiri
na kulimeza daraja zima, nguzo kwa nguzo,
na huu uliochora ramani nyeusi
nyuma ya kitanda cha Zawena.
Wakala wa nyumba hana lugha hiyo.
Aliingia na viatu vyake,
akanusa, akaitazama sufuria,
akazitazama soksi za mtoto juu ya kiti.
Mnachemsha mno, akasema. Mnaanika ndani.
Fungueni madirisha.

Ilikuwa Februari, Dundee.
Ukuta wenyewe hakuuliza.

Basi nikatafuta mkalimani:
kibao kidogo kuliko kiberiti,
waya nne, kihisi cheupe chenye vitundu
kama kichujio cha chai,
na kadi ya kumbukumbu
iliyokuwa kwenye simu ya mjomba Athmani.
Picha zake nilizihamisha kwanza, zote,
hata zile za kidole gumba chake.
Ndipo nikaifuta.

Kila dakika kumi kibao kinaamka,
kinavuta pumzi ya chumba, kinaandika
saa, joto, unyevu,
mkato, mkato, mstari mpya,
kisha kinalala.
Hakijui kivumishi hata kimoja.

Jaribio la kwanza lilinitoka mikononi.
Faili nililiacha wazi siku sita,
nikidhani lililoandikwa limeandikwa.
Mita ya umeme ikaishiwa hela usiku,
na asubuhi kadi ilikuwa tupu
kama mtu aliyekatwa kauli
akasahau alitaka kusema nini.
Nikajifunza: fungua, andika, funga.
Kila mara. Hata kwa tarakimu moja.

Jaribio la pili, saa ilipotewa na wakati,
ikashikilia kuwa ni Januari mosi, mwaka elfu mbili.
Siku tatu binti yangu alikohoa
miaka kumi na minane kabla hajazaliwa.
Moira wa chini akapanda na betri bapa
aliyoichomoa kwenye mizani yake ya keki.
Keki nitakadiria kwa macho, akasema.

Machi yote kikaandika.
Mistari elfu nne mia nne sitini na nne.

Nikaisoma nyumba yangu kwa kidole.
Hapa Zawena anaogeshwa: kilima kidogo,
dakika arobaini, kimeshuka.
Hapa wali wa Ijumaa.
Hapa mimi na Hidaya tulinuniana,
kila mmoja na mlango wake,
na joto likapanda nusu nyuzi,
au ni macho yangu tu.
Na hapa, tarehe tisa hadi kumi na mbili,
tulikuwa Glasgow, msibani.
Hakuna sufuria. Hakuna soksi.
Hakuna hata mtu wa kupumua.
Mvua ilipiga kutoka mashariki.
Tisini na moja.
Tisini na tatu.
Tisini na tatu.
Ukuta peke yake gizani, unakunywa.

Nilichapisha kurasa hizo maktaba, peni kumi kumi.
Wakala alizishika kwa ncha za vidole,
kama mtu aliyepewa hirizi ya dini nyingine.
Atazipeleka, alisema. Hakusema wapi.
Juzi kijana mmoja aliegemeza ngazi,
akaugonga mfereji wa paa pale ulipopasuka,
akaupiga picha, akaenda zake.

Kibao bado kinafanya kazi.
Kikohozi lakini hakimo kwenye faili;
sikununua kihisi chake.
Hicho nakiandika mwenyewe, kwa penseli,
kwenye fremu ya mlango, nikiwa nimekaa sakafuni.
Saa nane usiku: mara nne.
Saa nane na dakika kumi: mara moja.
Taa nyekundu inapepesa, kibao kimeamka.
Saa nane na dakika ishirini:

nangoja,
nachora mkato,
nafunga.